Fomu ya "Karibu": Barua ya Wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi

Afande,

Wapangaji wa magorofa ya Kileleshwa wanawapongeza wale maafisa wako waliobuni njia ya kubana matumizi. Wanapotaka kupekua nyumba, wanamwomba mwenyeji ruhusa: saa kumi usiku, kwa kitako cha bunduki.

Njia ya kisheria inachosha kweli. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya nyumba yake kutopekuliwa. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka ushahidi wa kiapo ndipo hakimu atoe hati; cha 119 kinataka hati itumike kati ya macheo na machweo, mahakama isiporuhusu saa nyingine. Hata mwenye haraka, anayeingia bila hati kwa kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, lazima kwanza aandike sababu zake na anachokitafuta.

Ridhaa haidai kiapo, jua wala kalamu. Inadai mtu mmoja aliyejifunga kanga, macho bado mazito, anayesema "ingieni" kwa kuwa komeo limeshaanza kung'oka. Asipoamka, yuko soja wa getini, mwenye kazi ya kupoteza na asiyekaa katika nyumba hiyo.

Kukosea kuna bei. Februari 2018 polisi walivamia nyumba ya wakili Miguna Miguna huko Runda. Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamuru alipwe shilingi milioni 7 kwa haki zilizokiukwa, na 270,200 kwa uharibifu wa nyumba. Mfuko wa kulipia ni wa walipa kodi, wakiwemo hawa wa Kileleshwa.

Eastleigh, Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilipita nyumba kwa nyumba na maelfu wakazuiliwa, wengi katika uwanja wa Kasarani. Wapangaji wangependa kujua ni wangapi walioulizwa, "Tuingie?"

Uingereza, kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya polisi ya 1984 zinataka ridhaa iandikwe inapowezekana, na mwenyeji aambiwe kwamba halazimiki kukubali.

Basi wanaomba fomu. Iwe ya Kiswahili, itaje kinachotafutwa na namba ya kazi ya afisa. Kisanduku cha "hapana" kilingane na cha "ndiyo", na kalamu aje nayo afande mwenyewe.

Wako watiifu,
Wapangaji, Kileleshwa