Posa ya Kilo Mia na Ushei

Kocha wa futiboli ya vyuo vya Marekani, anayelipwa mamilioni ya dola kwa mwaka, huwa mnyenyekevu mahali pamoja tu: sebuleni kwa mama wa kijana wa miaka 17 mwenye kilo 140. Amekuja kuposa. Anataka mlinzi wa mstari wa mbele, mmoja wa yale majitu yanayoinama pua kwa pua na wapinzani ili kumfikia mrusha mpira na kumbwaga chini. Basi atakula kila anachopakuliwa, atasifu, ataongezewa, atasifu tena. Ataongea kuhusu masomo kwa hisia nzito, maana bila shaka elimu ndiyo iliyompandisha ndege.

Wapo pia wajuzi wa kuwagawia vijana hawa nyota, mwisho tano. Mlinzi Jordan Davis walimpa tatu. Akaenda Chuo Kikuu cha Georgia, akatwaa ubingwa wa msimu wa 2021, kisha mbele ya maskauti wa NFL, ligi ya kulipwa, akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78, na kilo zake takriban 155. Wagawa nyota wangali kazini.

Na mahari? Hadi 2021 mchezaji alikatazwa kuuza hata jina lake mwenyewe. Sasa analipwa, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka bila adhabu, mradi masomo yasiyumbe. Makocha wanasikitika: vijana wa siku hizi hawatulii! Mwishoni mwa 2021 kocha Brian Kelly alikiacha chuo cha Notre Dame akaenda kile cha LSU, wachezaji wake wakiwa bado na mechi ya kucheza.