Barua ya Wazi kwa Afya House Kuhusu Barakoa ya Kidevuni

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Afya,
Afya House, Nairobi.

 Abiria wa matatu amechelewa kuandika kwa sababu miaka ile ya korona alikuwa na kazi ya kuwakwepa askari, na ilipokwisha hiyo akabaki na kazi ya kulipa madeni ya nauli. Sasa amepata nafasi, na jambo la kwanza ni kuwashukuru kwa faini ya shilingi 20,000.

Ilikuwa Aprili 2020, wiki chache tu tangu mgonjwa wa kwanza nchini Kenya atangazwe tarehe 13 Machi. Kanuni zikatoka: atakayekutwa mahali pa umma bila barakoa ifaayo, iliyofunika pua na mdomo, atozwe hadi shilingi 20,000, au afungwe hadi miezi 6, au apate vyote viwili. Barakoa yenyewe iliuzwa na wachuuzi wa steji shilingi 50, baadaye 20, mwishowe 10. Ni nadra sana katika nchi hii kitu cha shilingi 10 kulindwa na sheria kwa heshima ya namna hiyo. Abiria aliielewa wizara mara moja. Adui ni askari.

Na kwa adui huyo barakoa yoyote ilitosha. Ndipo ikazaliwa barakoa ya kidevuni, ambayo abiria anaamini wizara ingepaswa kuisajili kama uvumbuzi wa taifa. Ilishinda kidevuni tangu asubuhi, ikapanda mdomoni mara sare ya bluu ilipoonekana mbele, ikashuka tena kizuizi kilipopitwa. Konda mwerevu aliweka chache za akiba kwenye dashibodi, akazigawa kabla ya kizuizi na kuzikusanya baadaye, pua kwa pua, bila ubaguzi wa kabila wala dini. Iliyokuwa na rangi ya mdomo ya abiria wa asubuhi ilimfaa vilevile fundi wa jioni. Kwenye meza za wachuuzi wateja walijipima kwanza, wakairudisha isiyowakaa vizuri, akaja mwingine akajipima hiyohiyo. Sheria haikuvunjwa popote. Pua zilikuwa zimefunikwa.

Waheshimiwa, abiria hasemi kwamba barakoa haikuwa na kazi. La hasha, ilikuwa na kazi kubwa, na hilo ndilo linalomkera. Kwa muda wa miaka miwili aliambiwa avae. Hakuna bango la steji wala tangazo la redio alilokutana nalo lililomwambia avae ipi, aibaneje usoni, wala afanye nini nayo jioni akifika nyumbani. Matangazo yenu yalimfundisha kunawa mikono hadi ngozi ikambabuka, na kila steji ikawa na mtungi wa maji wenye bomba. Kuhusu hewa aliyokuwa akiivuta kwa saa mbili ndani ya gari lililofungwa madirisha, kimya.

Kimya hicho hakikuwa chenu peke yenu, tuwe wa haki. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza, kwa msisitizo, kwamba ugonjwa huu hausambai hewani. Hadi tarehe 5 Juni lilikuwa bado halijawashauri watu wa kawaida kuvaa barakoa. Siku hiyo ndipo likazikubali za kitambaa, na likapendekeza tabaka tatu: la ndani la pamba, la nje la kitambaa kisichonyonya maji, na la katikati la kuchuja. Julai wanasayansi 239 wakaandika barua ya wazi, wakitaka mamlaka za afya zikiri kwamba virusi hivi huelea katika hewa ya vyumba. Shirika lilikiri, lakini taratibu, na ilikuwa 2021 ndipo likaandika jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo barua za wazi husomwa, ingawa husomwa kwa mwendo wa trela inayopanda mlima wa Kinungi.

Ila dirisha la matatu halikuhitaji kusubiri shirika hilo la Geneva. Nyinyi wenyewe, Machi 2020, mliamua gari la abiria 14 libebe 8. Uamuzi mzuri. Nauli ikapanda, abiria akalipia kiti chake na sehemu ya kiti kitupu cha jirani, akanyamaza kwa kuwa ilikuwa kwa ajili ya afya. Lakini madirisha yalibaki hiari ya abiria mwenye baridi. Mvua ya Limuru ikianza, yote yalifungwa, na watu 8 wakavuta pumzi za watu 8 hadi mwisho wa safari. Kisha Juni 2021 mkazibana kaunti 13 za ukanda wa ziwa kwa sababu ya kirusi cha Delta, na Agosti, kirusi hichohicho kikiwa bado nchini, mkaruhusu matatu kujaza viti vyote 14. Kanuni ya barakoa ilibaki ileile ya siku ambazo viti sita vilikuwa wazi. Dirisha halikutajwa kwa sauti ya kusikika hadi Bondo, huko ukanda wa ziwa.

Sasa tuje kwenye barakoa zenyewe, maana hapa ndipo abiria alipoachwa peke yake kama yatima.

Alikuwa na tatu mbele yake. Ya kwanza ni ya kitambaa, iliyoshonwa na fundi wa mtaa kwa mabaki ya kitenge. Inapendeza, inafuliwa kwa sabuni na maji moto, inadumu, lakini inachuja kidogo kuliko nyingine, hasa ikiwa ni ya tabaka moja ambalo ukiliinua kwenye jua unamwona jirani. Ya pili ni ya hospitali, ile ya buluu, inayochuja vizuri kwa kitambaa chake na kuvuja vibaya mashavuni. Ya tatu ni ile inayobana: N95 ya kiwango cha Marekani, KN95 ya China, FFP2 ya Ulaya. Hiyo ya Marekani lazima izuie angalau asilimia 95 ya chembe ndogo zinazotumika kuipima, na ile ya Ulaya asilimia 94. Kwa mtu anayekaa ndani ya gari saa sita kutoka Nairobi hadi Kisumu, begani kwa mgeni anayekohoa, jibu linajulikana.

Abiria alifanya hesabu, akajinyima, akanunua KN95. Kisha, kama mtu yeyote aliyelelewa na mama mwenye adabu, jioni akaifua.

Hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Tabaka la katikati la barakoa hizi ni nyuzi nyembamba mno za plastiki ya polipropilini, zilizotiwa chaji ya umeme tuli. Chembe inayojaribu kupenya kati ya nyuzi huvutwa na chaji hiyo na kunaswa. Ndiyo maana barakoa inaweza kuchuja sana na bado mtu akapumua. Teknolojia ya kuzitia nyuzi chaji kwa namna inayodumu inahusishwa sana na Peter Tsai, mtafiti mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Tennessee. Alikuwa amestaafu, lakini janga lilipoingia mwaka 2020 alirudi kazini kutafuta jinsi ya kuzitumia tena barakoa hizo bila kuziharibu. Miongoni mwa majibu yake ni joto kavu la nyuzi 70 za Selsiasi kwa nusu saa, au kuzipumzisha kwa zamu. Sabuni haimo. Sabuni huondoa chaji, na spiriti vilevile. Yule konda aliyewapokea abiria mlangoni kwa chupa ya sanitaiza, akapuliza mikononi na kumalizia usoni kwa ukarimu, alikuwa akiua kichujio cha kila aliyejinyima kukinunua. Pasi ya mkaa hufanya hivyo haraka zaidi, maana polipropilini huyeyuka.

Kwa hiyo baada ya Omo ya kwanza abiria alivaa kitambaa cheupe chenye umbo la KN95. Alikuwa amelipa bei ya ulinzi na kubaki na sura yake. Askari alimpigia saluti.

Dawa ya jambo hili ilikuwa rahisi kuliko mtungi wa maji wenye bomba. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliwaelekeza wahudumu wa afya waliokosa barakoa mpya: kila mmoja awe na tano, avae moja kwa siku, na ikivuliwa iwekwe ndani ya mfuko wa karatasi unaopitisha hewa, ipumzike siku tano kabla ya kuvaliwa tena. Virusi vilivyonaswa hufa vyenyewe kwa kukauka. Mfuko wa plastiki haufai kwa sababu unahifadhi unyevu. Na mkanda ukilegea, au barakoa ikilowa, ikichafuka au ikiacha kubana pua, hiyo imestaafu. Kwa makadirio, isivaliwe zaidi ya mara tano.

Waheshimiwa, mfuko wa karatasi! Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017. Ilipoingia korona, kila jikoni palikuwa na pakiti tupu ya unga, na kila duka lilikuwa na mfuko wa kaki. Ni nchi chache zilizokuwa tayari kwa ushauri huo kama Kenya. Ilihitajika sentensi moja redioni, kati ya tangazo la mbolea na matokeo ya mechi: ipumzishe kwenye kaki siku tano. Badala yake zilisomwa idadi za waliokamatwa.

Labda mlikuwa na shughuli nyingi. Abiria anakumbuka kwamba mwaka huohuo wa 2020 KEMSA, mamlaka inayonunua dawa na vifaa vya umma, ilitumia mabilioni ya shilingi kununua vifaa vya korona, zikiwemo KN95 za shilingi 700 moja, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akakuta ununuzi umekiuka taratibu na bidhaa za mabilioni zimelala ghalani bila mnunuzi. Huku steji mtu akivaa barakoa ya shilingi 10 wiki mbili mfululizo, kule ghalani barakoa ya shilingi 700 ilipumzika kuzidi siku tano zinazopendekezwa. Katika kupumzisha barakoa, basi, serikali ilikuwa mfano bora.

Isidhaniwe pia kwamba elimu hii ni ngeni. Mwaka 1910 tauni ya mapafu ilipoiingia Manchuria, daktari kijana Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, alishikilia kwamba ugonjwa ule unapita hewani, akatengeneza barakoa ya matabaka ya shashi na pamba inayofungwa imara usoni. Daktari mwenzake Mfaransa, Gérald Mesny, aliyekuwa mkubwa wake kwa umri na sifa, alimdharau na kuingia wodini bila barakoa. Baada ya siku chache alikufa. Wu alieleza matabaka, akaeleza namna ya kufunga. Faini alikuwa hana.

Kuna abiria mwingine wa kutajwa, yule wa ndege, ili asijione ameonewa wa matatu peke yake. Safari za kimataifa zilipofunguliwa tarehe 1 Agosti 2020, alipanda na barakoa yake ya kitenge iliyoshabihiana na shati. Haikupita muda, Ulaya ikabadilika. Bavaria ilidai FFP2 katika mabasi na treni kuanzia Januari 2021. Lufthansa ikakataa kitambaa Februari, Finnair ikafuata Agosti. Zile zenye vali, ambazo zilionekana za bei na za kitaalamu, zilipigwa marufuku na mashirika mengi, kwa sababu vali inamchujia mwenyewe na kumpulizia jirani hewa mbichi. Msafiri aliyetii sheria ya Nairobi kwa ukamilifu angeweza kugeuzwa mlangoni mwa ndege.

Yule wa basi la Arusha yalimkuta yaleyale kinyume chake. Mpaka ulipofunguliwa, upande wa Kenya wa Namanga pua wazi ilikuwa kesi. Upande wa pili, Tanzania, ambako Rais Magufuli alikuwa ametangaza Juni 2020 kwamba nchi imepona, aliyefunika pua ndiye aliyetazamwa kama mgonjwa. Februari 2021 Rais akawaambia wananchi wavae barakoa zilizotengenezwa nyumbani, maana za nje alizitilia shaka. Barakoa ya Nairobi ikavuka kama bidhaa inayoshukiwa, na virusi vikavuka bila pasipoti.

Tarehe 11 Machi 2022 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba barakoa si lazima tena mahali pa wazi. Barakoa za kidevuni zilishuka kabisa, zikaingia kwenye mitaro ya masoko ya Gikomba na Kongowea.

Sasa ombi, na abiria analileta bila kejeli. Janga jingine linaloenea hewani litakuja, na gari la kwanza litakalolibeba litakuwa la abiria 14. Mtakapokaa kuandika kanuni, faini iacheni kwanza pembeni. Semeni ni barakoa ya aina gani na ina tabaka ngapi. Semeni ibane pua na mashavu, isifuliwe kama ni ya kuchuja, ipumzike siku tano kwenye mfuko wa karatasi. Amrisheni dirisha moja kila upande libaki wazi, hata mvua ya Limuru ikinyesha, na konda aulizwe kuhusu dirisha kabla abiria hajaulizwa kuhusu pua. Na zile za ghalani ziletwe steji.

Wenu mtiifu,
Abiria wa kiti cha nyuma, karibu na dirisha lisilofunguka.