Namna ya Kupoteza Jimbo la Uhakika

Ndugu Katibu,

Kupoteza jimbo gumu si kazi; hata kijana wa Chipukizi aliyejiunga juzi analiweza hilo. Kazi ni kulipoteza jimbo ambalo wakubwa wa mkoa wameshaliandika kwenye ripoti, na wanywa kahawa wa stendi ya Babati wameshaacha kulibishania. Ujuzi huo upo hapa hapa kwetu tangu enzi za Mwingereza. Wenzako wa mikoa mingine wanahangaika kujifunza kushinda. Wewe umejaliwa kupangiwa kazi kwenye walimu wa upande wa pili.

Kwanza unahitaji chama kinachopendwa. Chama kisichopendwa kikishindwa hakuna habari hapo. Rudi basi kwenye tarehe 30 Agosti 1960. Tanganyika bado ni ya Mwingereza, Babati ni sehemu tu ya wilaya ya Mbulu, na TANU inapendwa hadi inatisha. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 hakutokea mtu wa kusimama mbele ya mgombea wa TANU, wakapita bila kupingwa. Vikabaki 13 vya kupigiwa kura. TANU ikachukua 12.

Kile kimoja kilikuwa chetu.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Mtu asiyejua angedhani kilichukuliwa na ANC ya Zuberi Mtemvu, waliojitenga na TANU kwa kelele nyingi. Thubutu. TANU ilishindwa na mwana-TANU. Chama kilikuwa kimempitisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, mwanachama wa chama hicho hicho, akaona hapana, akasimama kama mgombea binafsi, na wananchi wakampa. Hakuwa na chama kipya wala hakuitukana TANU. Ujumbe wa wapiga kura wa Mbulu, kwa jinsi ninavyousoma mimi, ulikuwa mfupi: chama tunakitaka, huyo mliyetuletea mkae naye.

Hapo ndipo pa kujifunzia hesabu. Dodo alikuwa mtu wa Wagorowa, upande huu wa Babati. Sarwatt alikuwa mtu wa Wairaqw, na ukiwahesabu watu wa wilaya ile ya zamani, kuanzia Karatu hadi Hanang, huhitaji kwenda chuo kikuu kujua kina nani ni wengi. Mpoteza jimbo hodari haoneshi kwamba ameiona hesabu hiyo. Akiulizwa, anajibu kwamba chama hakina kabila. Jibu ni sahihi kabisa, na litampotezea jimbo.

Wala usije ukajitetea kwamba wapiga kura wa zamani hawakuwa na elimu. Mwaka 1960 hukuandikishwa hivi hivi: ulipaswa kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe umeshika wadhifa. Waliomwangusha mgombea wa chama walikuwa watu wa kusoma gazeti. Na hawakuwa wabishi kwa asili. Miaka miwili nyuma, mpiga kura wa Jimbo la Kaskazini alipewa ule mtihani wa kura tatu: amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na akimwacha hata mmoja karatasi yake inaharibika. TANU ikawaelekeza nani wa kumpa, wakawapa. Watu waliokubali kuchaguliwa hadi Mzungu wao ndio haohao waliogoma 1960. Kuwafikisha watu watiifu kiasi hicho kwenye kugoma kunataka kipaji.

Bahati mbaya TANU ilijifunza upesi, jambo ambalo katika fani yetu ni kosa kubwa. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba chama kinachopendwa na karibu watu wote kikiendelea kuleta mgombea mmoja, mwananchi anabaki hana cha kuchagua. Basi uchaguzi wa Septemba 1965 ukawa wa chama kimoja lakini wagombea wawili, mmoja kapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Katika nchi ya wakulima unaweza kukisia ipi iliombewa dua. Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, akaangushwa kwao Mwanza. Derek Bryceson, Mzungu, akashinda Dar es Salaam kwa kura za Waafrika. Mawaziri walianguka, chama hakikupoteza kiti hata kimoja, maana aliyeanguka na aliyemwangusha wote walikuwa na kadi ileile. Kwa mpoteza majimbo hiyo ilikuwa miaka 30 ya ukame.

Mvua ilirudi mwaka 1995, na ilinyesha Karatu, ndani ya mipaka ileile ya Mbulu ya zamani. Dk. Willibrod Slaa, aliyewahi kuwa padri na Katibu wa Baraza la Maaskofu, aliomba kugombea kwa tiketi ya CCM. Jina lake halikurudi. Akaenda Chadema, chama ambacho wakati huo wengi walikisikia redioni tu, akashinda, na akakaa bungeni hadi 2010, alipotoka kwenda kugombea urais. Soma tena habari ya Sarwatt, kisha hii. Miaka 35 imepita katikati, chama kimebadili jina, bendera na wimbo; kosa limetunzwa vizuri, halina hata kutu. Tofauti ni moja tu: safari hii sheria haikuruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo mtu uliyemkata hana budi kwenda kumnenepesha jirani yako.

Ndiyo maana nakusihi uheshimu kikao cha kukata majina. Wapo wanaolalamika kwamba “wajumbe si watu”, msemo uliovuma kwenye kura za maoni za 2020. Wewe usiwasikilize. Wajumbe wakimpa mtu kura nyingi kupita wenzake, hiyo ni dalili kwamba anafaa kukatwa.

Kuna njia nyingine inayotaka subira: mwache mtu mmoja kwenye kiti mpaka wapiga kura waliozaliwa siku anaapishwa wawe na watoto wao. Philip Marmo aliingia bungeni kwa Mbulu mwaka 1985. Mwaka 2010, akiwa waziri, alishindwa na Mustapha Akunaay wa Chadema. Hapa huhitaji maelezo. Unahitaji kalenda tu.

Na Babati yenyewe? Babati iliingia darasani kwa kuchelewa. Tulipata jimbo la Babati Mjini. Ukichora mpaka namna hiyo, wakulima wa mpunga wa Magugu na wenzao wa Dareda unawaacha nje, ndani unabakiza wenye maduka, walimu, madereva wa malori na vijana wa bodaboda, watu wanaoishi penye njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida na ambao habari zinawafikia kabla hazijafika ofisini kwako. Mwaka 2015 jimbo likaenda kwa Pauline Gekul wa Chadema, aliyekuwa ametoka kwenye viti maalumu. Kazi safi.

Lakini hapa lazima nikuonye, ndugu Katibu, kwa sababu imeingia mbinu inayoua fani yetu. Oktoba 2018 Gekul aliiacha Chadema akajiunga na CCM. Ulikuwa msimu ule ambao kila aliyehama alikuwa “anaunga mkono juhudi”. Uchaguzi mdogo ukapangwa Jumapili ya tarehe 2 Desemba, CCM ikamteua yeye, na akapita bila kupingwa. Watu wa Bagara, Maisaka na Bonga siku hiyo walikwenda kanisani, sokoni au mashambani, na mbunge wakawa naye. Mbunge yuleyule, tena. Mwaka 1960 mtu wa chama alikifunga chama. 2018 aliyekifunga chama akawa mtu wa chama. Ila mpiga kura wa 1960, pamoja na masharti yote ya Mwingereza, aliulizwa. Ukiwa na mbinu hii huwezi kupoteza jimbo hata ukijitahidi, kwa sababu siku ya kulipoteza haifiki.

Kama bado unataka kupoteza kwa heshima, basi hakikisha kunapigwa kura. Mengine yatajipanga yenyewe: mgombea wa kuletewa atapotea njia ya kwenda Singe, atasalimia kwa lugha ya upande usiohusika, na atagawa fulana zenye jina lililokosewa.

Na ukishindwa kupoteza, yaani mtu wako akapita, usisahau kwamba kazi ya ubunge huku ina mahitaji yake ya mwili. Ile Mbulu moja ya 1960 tayari imekatwa majimbo sita, na kila moja linadai barabara. Flatei Massay, alipokuwa Mbunge wa Mbulu Vijijini, wa CCM na si wa upinzani, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge akidai lami ya Karatu, Mbulu hadi Haydom. Kwa hiyo mgombea wako, awe wa kura au wa fomu, mpime magoti kabla ya kumpitisha.