Kabati la Kioo, Ekstensheni ya Mtumba

Ofisi ikishanunua kabati la seva lenye mlango wa kioo na kufuli, wageni hupitishwa wakalitazame. Hakuna anayewazungusha nyuma. Huko swichi, ruta na seva zinanyonya umeme kutoka ekstensheni ya mtumba, imebanwa kwa utepe mweusi, inaning'inia.

Ekstensheni ya kabati ipo. Ina upana wa inchi 19, kimo cha milimita 44.45, na hukazwa kwa skrubu. Bosi akitajiwa bei hucheka: "Si matundu ya soketi tu hayo?" Basi mjanja mmoja huagiza ya bei poa kutoka Marekani, ikaja na matundu ya pini bapa, ya volti 120. Nchi yetu ni ya volti 230 na plagi za pini tatu nene. Hapo adapta huitwa kuokoa jahazi.

Hata ikipatikana ya kufaa, tundu lililobaki wazi lina mwenyewe: birika la chai ya saa nne. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba takriban wati 2,990. Birika kubwa peke yake hufika 3,000. Seva ikizimika, lawama humwendea fundi wa mtandao, naye chai hiyo hakuionja.

Na ile kinga ya umeme unaopanda ghafla, iliyomo ndani ya ekstensheni ya kabati, huchakaa kadiri inavyopigwa. Ewe mwenye kabati, chungulia taa yake. Ikiwa imezimika, ulichofunga humo ni ekstensheni ya kawaida yenye skrubu za bei mbaya.