Mali ya Nani?

Anayekaa chini kwenye majumba ya Michenzani hana haja ya kwenda Darajani kununua nguo. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, nguo zinamfuata mwenyewe. Majumba haya, yaliyoinuka baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yamekwenda juu na yamekwenda mbali, na kila roshani ina kamba yake. Upepo tungeuvumilia, lau kama nyumba nzima isingekuwa inaanika vitu vile vile: kanzu nyeupe, shati jeupe la skuli, ushungi mweupe wa skuli, na singlendi ambayo zamani ilikuwa nyeupe.

Likianguka shati, hupewa mtoto apande nalo ngazi, mlango kwa mlango.

"Shikamoo bibi. Hili lenu?"

Shati linashikwa, linageuzwa, linanuswa (wapo wanaojua sabuni ya kila nyumba), kisha linarudishwa. "Letu kola imechakaa, hili zima. Hebu jaribu juu." Na mara nyengine hukubaliwa haraka mno, hasa likiwa jipya.

Ndipo ikaingia fikra ya alama. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wa skuli, alianza kutia uzi mwekundu ndani ya kola, mishono mitatu tu. Wenziwe wakaipenda. Duka la chini lilikuwa na uzi mwekundu kwa wingi, basi hata Idi haijafika, kila kola ya ngazi yetu ina mishono mitatu myekundu, na sisi tuko pale pale.

Tukahamia kwenye majina. Mwenye kalamu ya wino usiofutika akaandika ALI. Lakini kwetu ukiita Ali, unaitikiwa na ghorofa zote. Akaongeza la baba: ALI KHAMIS. Wa juu yake naye ni Ali Khamis, binamu yake. Likaja la babu. Sasa shati la darasa la tatu lina maandishi mengi kuliko cheti cha kuzaliwa.

Kanga ndiyo yenye makubwa. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa kutia misemo ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga zake zilikuwa na alama: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Biashara nzuri, sina neno, ila nawaonea huruma waume wa zama hizo, wake zao wakipita njiani wameandikwa mali ya mtu mwengine. Siku hizi kanga inasema kila kitu isipokuwa ni ya nani.

Na hilo si jambo dogo. Usiku mmoja upepo ulichukua upande wa kanga kutoka ghorofa ya nne, ukaulaza kwenye kamba ya ghorofa ya tatu, maandishi yameelekea dirishani: HASIDI HANA SABABU. Bi wa ghorofa ya tatu akaukuta alfajiri. Hakuuliza ni wa nani. Aliuliza kakusudiwa nani. Siku zile alikuwa na maneno na shoga yake wa juu kwa ajili ya ndoo ya maji, basi hesabu ikamkalia sawa. Akashuka Darajani, akanunua doti yenye jibu, akaianika mchana kweupe. Wa juu akaisoma, naye akaona ametukanwa bila ya kosa. Hawakusemezana mpaka mwenye kanga alipokuja kuuliza upande wake wa pili umekwenda wapi, mmoja kaushika mkononi, ndipo ikajulikana. Herufi mbili za uzi pembeni zingeokoa urafiki na bei ya doti nzima.

Wanaume tusicheke. Tazama ndara za choo cha msikiti: zimekatwa kipande kisiginoni makusudi, asitokee wa kuzitamani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo alama bora kuliko zote, maana hata mwizi anaona haya kuzivaa.

Kofia, lakini, huwezi kuikata. Kofia ya viua hushonwa kwa mkono, tundu moja moja, kazi ya miezi, na mtu huivua akaiweka ukutani anapotia udhu, pamoja na za wenziwe. Yangu iliondoka hivyo, kwenye msikiti mmoja si mbali na Kisonge. Ndani ya mzingo ina herufi mbili za uzi wa buluu. Aliyenayo naomba airudishe na achukue yake. Inanibana, na jina lililoandikwa ndani, Ali Khamis, halijanisaidia kumpata.