Nilivyopitwa na Makumbusho

Nani aliwaambia watu kwamba ukizaliwa kando ya mto basi unajua kuogelea? Nataka aletwe mbele yangu. Mimi ni mtu wa Balambala, huko Garissa. Ndiyo, Tana iko hapo nyuma ya nyumba. Ndiyo, ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Unaanzia huko Aberdare na Mlima Kenya kwenye baridi, unapita mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, unatufikia sisi ukiwa mwekundu na umechoka. Lakini hatutembeleani. Mto ndio hututembelea. Masinga ikifurika, redio inatangaza watu wa chini wahamie mahali palipoinuka, na kabla hujamaliza kutafuta hapo palipoinuka ni wapi, migomba imezama, nyanya zimezama, choo kimeondoka na mlango wake. Huko ndiko kujuana kwetu. Yanayobaki ni mamba.

Na mamba wa Tana hana utani, bana. Hata ngamia akifika malka, pale pa kunywea mtoni, ananyoosha shingo yote, miguu anaiacha nyuma. Ngamia! Mnyama asiyeogopa mtu wala jua. Sasa mimi nivue shati niingie humo nipige mikono? Nipige mikono nikienda wapi?

Basi wenzangu wakaamua tukashindane kuogelea Lamu.

Si mimi niliyeamua, naomba hilo lieleweke. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa sola. Siku hiyo nilikuwa nimekaa zangu kwenye mkeka na anjera yangu, sina neno na mtu. Mwalimu akaja na simu mkononi. Huyu Mwalimu akiona kitu kwenye intaneti ni lazima mji mzima uteseke. Akasema Lamu wana Tamasha la Utamaduni, kuna mbio za punda, kuna mashindano ya majahazi, kuna bao, na kuna kuogelea baharini. Ati si kwenye bwawa lenye kuta. Ni baharini penyewe, peupe, samaki wakikuona. Akasema Balambala haijawahi kupeleka mtu.

Nikamuuliza, haijawahi kwa nini, unafikiri? Hakunijibu. Akaanza somo. Mwaka 1875 kuna Mwingereza, Kapteni Webb, alivuka bahari kutoka kwao mpaka Ufaransa, karibu saa 22 majini, amejipaka mafuta mwili mzima. Mafuta! Hapa kwetu ya kukaangia sambusa yenyewe yanapimwa kwa kijiko. Akasema mwaka 2008 kule Beijing, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aliweka rekodi ya Olimpiki katika mita 100 za mtindo wa kipepeo. Fundi wa pikipiki akauliza, rekodi bado iko? Mwalimu akakohoa. Ilivunjwa siku hiyo hiyo. Lakini hoja si hiyo, akasema. Hoja ni kwamba Nairobi haina hata mto wa maana, sembuse sisi wenye Tana? Halafu akatoa ile ya kutumaliza: maji ya Tana yanaingia baharini huko Kipini, na Kipini na Lamu ni jirani. Kwa hiyo tutakuwa tunaogelea ndani ya maji yetu wenyewe.

Fundi akapiga makofi. Dereva akasema Probox ipo, tuchange mafuta tu. Mimi nikasema sijui kuogelea. Wakasema usijali, hata sisi hatujui.

Anayejua ni mmoja tu, Mvuvi. Yeye ni Mmunyoyaya, na wazee wake wamekaa ukingoni mwa mto huu wakivua na kulima tangu enzi hizo, mamba wanawajua kwa sura. Akafanywa kocha. Lakini kwanza akatutazama mmoja mmoja. Akatutazama matumbo. Akasema mtoni hatupeleki, hataki kwenda kuongea na wake zetu usiku.

Kwa hiyo tukafanya mazoezi kwenye silanga. Silanga lenyewe limechimbwa kwa ajili ya mifugo. Maji yanafika kiunoni, rangi ya chai, chini tope. Ukilala kifudifudi upige mikono, magoti yanalima. Mvuvi anasema, geuza kichwa pembeni uvute hewa. Nageuza kichwa pembeni, navuta silanga. Mbuzi wanakunywa upande huu, mimi nakunywa upande ule, tofauti ni kwamba wao wana kiu. Mara kijana wa kuchunga, mdogo, hata ndevu hajaziota, ananiita kwa adabu zote: "Adeer, toka kidogo, mbuzi wanaogopa." Nikatoka. Nikasimama kando nimelowa, mtu mzima mwenye watoto, nangojea mbuzi washibe. Wakamaliza mbuzi, wakaja ngamia. Wakamaliza ngamia, wakaja punda wa maji. Mwanamichezo ndiye wa mwisho.

Ila nikagundua dawa. Mtungi wa njano wa lita 20, ule wa kuchotea maji, ukiufunga mgongoni ukiwa hauna kitu ndani na kifuniko kimekazwa, huzami hata ukitaka. Nikavuka silanga lote. Nikarudi. Nikawa bora kuliko Fundi. Nikaanza kutembea mjini kifua mbele.

Mama watoto akasikia. Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alinitazama tu, kutoka utosini hadi kwenye kandambili, akasema, "Wewe? Wewe ambaye kuoga ni mpaka Ijumaa?" Watoto wakacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akauliza nitavaa nini. Mwalimu, kwa ujinga wake, akamwonyesha picha ya waogeleaji wa Olimpiki. Mama watoto akamfunika binti yetu macho. Akasema nikitoka nyumba hii na kile kijitambaa, nisirudi. Tukakubaliana maawisi juu, kile kikoi chetu, kama desturi, na chini kaptura ya shule ya kijana wangu mkubwa, ya kijivu. Ilinibana, lakini nani anaangalia?

Safari sitaisimulia sana, mgongo bado unauma. Vumbi mpaka Garissa mjini. Pale kizuizini darajani vitambulisho nje, mizigo chini. Askari akauona mtungi. "Mnaenda wapi?" Kuogelea. Akarudia swali polepole, akidhani hatukusikia. Kuogelea, afande. Lamu. Akawaita wenzake waje kutuona. Akasema watu wa huko kwenu hulia maji hakuna, leo mnayafuata mkayachezee? Tukarudishiwa vitambulisho huku wanafuta machozi. Hola, Garsen, Witu, Mokowe, na hapo lami ikaishia baharini na boti likatungoja.

Kwenye boti wakagawa laifu jaketi. Nyinyi mnajua mtumbwi wetu wa kuvukia Tana laifu jaketi lake ni Bismillahi. Mimi nikavaa langu, nikakaza kamba zote, na tulipofika gatini Lamu nikakataa kulivua. Nahodha akalivua mwenyewe, taratibu, huku abiria wanangoja kushuka.

Mji mzuri, sikatai. UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na hawakukosea. Lakini vichochoro vyake vimepimwa kwa bega la punda, si la binadamu. Punda anakuja na mawe ya kujengea, wewe unajibandika ukutani. Mwenye punda anapaza sauti upishe. Punda mwenyewe hata hakutazami. Nilipishana nao jioni nzima, nikapoteza kandambili moja.

Asubuhi ya mashindano nikala mahamri na mbaazi. Kapteni Webb lazima alikula kitu. Nikaongeza. Mbaazi za nazi za Lamu haziachiki, na hela nilishalipa.

Ufukweni wapinzani wetu wako tayari. Vijana wa Shela, vijana wa Matondoni kule wanakounda majahazi. Mabega hayo. Hakuna hata mmoja mwenye tumbo. Mmoja akaniamkia vizuri, akauliza, "Mwatoka wapi?" Balambala. "Kuna bahari huko?" Nikamwambia kuna silanga. Akanyamaza, nadhani kwa heshima.

Hapo refa akauona mtungi. Akasema utoe. Nikamwambia ndio mtindo wetu wa Garissa. Akasema utoe. Nikamwita Mwalimu aje anitetee na sheria zake za intaneti, na hapo ndipo nikagundua Mwalimu haogelei! Amevaa shati na saa. Ati lazima mtu mmoja abaki kurekodi vidio kwa ajili ya historia. Akanipa miwani yake ya maji, ile ya plastiki, kubwa kwa mtoto, ndogo kwa mtu mzima. Nikaivaa. Ikaingiza maji kabla sijaingia mimi.

Filimbi ikalia. Wenzangu wakaruka. Mimi nikateremka.

Sasa kuhusu chumvi. Nilikuwa nimesikia bahari ina chumvi. Kila mtu amesikia. Lakini nilidhani ni chumvi ya mchuzi. Hakuna aliyenieleza kwamba ukimeza mara moja, mbaazi zote zinasimama na kuuliza kuna nini. Na jambo lingine ambalo Mwalimu na masomo yake hakulitaja: maji ya chumvi ni mazito, yanakuinua. Silanga lilikuwa linanivuta chini, nimezoea. Bahari inanisukuma juu, tena haisukumi kichwa, inasukuma pale pengine. Hewa ikaingia ndani ya maawisi, ikafura kama koo la ngamia dume anapotafuta mke. Nyuma yangu ikapanda angani. Kichwa kikaenda chini. Nikawa napiga mikono nikiwa nimesimama kinyume.

Kipaza sauti pale gatini kikasema mwenye kikoi chekundu ashike nguo yake. Nikageuka kuangalia ni nani huyo asiye na haya. Hakukuwa na kikoi kingine chekundu baharini. Kina mama wenye mabuibui wakageuza nyuso. Wengine hawakugeuza.

Nikaishika nguo kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukabaki na kazi yote. Jumba la Makumbusho la Lamu linatazama bahari, mnalijua, jengo jeupe lenye veranda. Nikaliwekea alama. Nikasema nikilipita hilo, nimekaribia. Nikapiga mkono. Naliona. Nikapiga tena. Naliona. Nikafumba macho nikapiga kwa imani, nikafumbua, makumbusho yako mbele yangu zaidi ya mwanzo! Nikasema chumvi imeingia kwenye ubongo. Kumbe tulianzishwa maji yakiwa yamejaa pomoni, yamesimama, na wenye kujua wakaenda mbio wamalize kabla ya kupwa. Bahari ya huko haina subira. Maji yakigeuka, mkondo mzima kati ya Lamu na Manda unaondoka na kila kisichofungwa. Mimi sikuwa nimefungwa. Jumba lenye siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, kitu ambacho hakijatikisika miaka na miaka, linanipita mimi ninayeogelea.

Mara kichwa kikaibuka ubavuni mwangu. Kitoto. Kinaelea chali, mikono nyuma ya kisogo, kimejipumzisha. Kikaniuliza kwa upole, "Ami, wazama ama wacheza?"

Nikamwambia nashindana.

Akatazama mbele. Akatazama nyuma. "Na nani?"

Na kweli hakukuwa na mtu. Wote walishamaliza, wamejifuta, wanakula maembe. Kitoto kikaipigia mluzi mashua iliyobeba mchanga. Mabaharia wakanivuta kwapani wakanilaza juu ya mchanga. Maawisi ikaamua kubaki. Nikarudi mjini Lamu, mbele ya umma, nikiwa na kaptura ya shule ya kijivu, imechanika nyuma, na jina la kijana wangu limeshonwa kiunoni na mama yake kwa uzi mweupe. Mtu mmoja akalisoma kwa sauti. Umati ukanishangilia kwa jina hilo.

Wenzangu? Dereva aliona maji akakumbuka Probox huko Mokowe haikufungwa vizuri. Fundi alishika kamba ya mashua ya kwanza iliyopita, akaishikilia mpaka ikamfikisha gatini, na mpaka leo anasema alimaliza. Mvuvi alimaliza kweli, katikati ya kundi, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na vijana wa Matondoni wakampa mkono. Akaniambia bahari ni rahisi, haina mamba. Sikumjibu. Nilikuwa na mchanga mdomoni.

Vidio ya Mwalimu ilifika Balambala kabla ya Probox. Ina kila kitu, kipaza sauti kinasikika vizuri sana. Siku hizi mteja akija kuchukua simu yake, hafungui redio wala kupiga kuona kama imejaa. Anafungua ile vidio, mbele yangu, anaitazama mpaka mwisho, anasema betri iko sawa, anaondoka. Mama watoto ndiye hajasema neno. Ameshona kaptura, ameirudisha shule, na kila Alhamisi jioni ananiwekea beseni la maji nje, anauliza kama nitahitaji refa.

Na sasa Mwalimu ameanza tena. Anasema mwaka ujao tujipange mapema. Anasema kule Paris 2024 watu waliogelea kilomita 10 mtoni Seine, kwa hiyo mto si kisingizio. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa unacheka, nafasi yangu iko wazi. Miwani ya maji ipo. Mtungi upo, kifuniko hakivuji. Maawisi utajinunulia mwenyewe.