Tokeni Zilikatika Usiku wa Hitima

Pikipiki ya umeme ilifika kwetu Ukunda baada ya magharibi, na hata chakula hakijapakuliwa, mume wangu, Baba Saumu, alikuwa ameshavuta waya kutoka sebuleni hadi barazani. Mama mkwe aliizunguka, akaipapasa tangi.

"Petroli hutiwa wapi, mwanangu?"

"Haitiwi, mama. Ni stima tu."

Hatukuinunua kwa papara. Septemba 1, 2023 Rais William Ruto alizindua pikipiki za umeme pale Mombasa, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilishafanya VAT yake kuwa sifuri. Baba Saumu alipiga hesabu za petroli nyuma ya daftari la Saumu, akanisomea moja moja. Nikakubali kutoa pesa zangu za chama.

Petroli ikakoma kweli, shida ikahamia kwenye mita. Betri ile humeza kama uniti tatu kila usiku. Awali nyumba nzima, pamoja na friji ninamogandisha barafu za ukwaju za kuuza, ilikuwa haimalizi uniti 70 kwa mwezi. Sasa tukapita 100, na anayepita 100 huhesabiwa bei ya juu. Shilingi zilezile, uniti chache.

Usiku wa kuamkia hitima ya baba mkwe, tokeni zilikatika tumelala. Alfajiri nilifungua friji, maji yakanimwagikia miguuni. Vifuko vya ukwaju vimelegea, changu wa hitima macho yamezama. Baba Saumu alikuwa ameshaondoka kumkimbiza hospitali ya Msambweni jirani yetu aliyeshikwa na uchungu, betri ikiwa nusu. Pikipiki ikamzimikia njiani, Gazi. Alisimamisha matatu, akampandisha mama wa watu, kisha akabaki kuisukuma pikipiki. Jirani alijifungua salama, alhamdulillahi. Samaki tuliwafukia chini ya mnazi.

Kinachoniuma ni kwamba bei nafuu ipo. Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, iliweka shilingi 16 kwa uniti ya kuchajia vyombo vya umeme, na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini bei hiyo ina mita yake; mita ya nyumbani haimo. Na mtu wa bodaboda huchaji pale anapolala.

Nawaomba wapangaji bei: zile shilingi 8 zimfikie mwenye pikipiki moja na mita ya tokeni. Nawe unayetaka kununua, ulizia kwanza mita ya kuchajia, ndipo uvute waya.